Upele wa mbwa: namna ya kumjua mdudu na kumtibu mbwa wako hapa Nairobi

Aliyegundua si mimi. Ni mzee anayelinda lango la ploti yetu Kahawa West. Ilikuwa Julai, ile baridi ya asubuhi inayomfanya mtu aoge mkono mmoja mmoja, nikamkuta amepandisha shati anajikuna kiunoni.

"Mama, huyu Bosi ananiambukiza upele."

"Haiwezekani, mzee. Upele wa mbwa ni wa mbwa."

Nilikosea. Bosi ni mbwa wa ploti, koko mwenye damu kidogo ya German Shepherd, na usiku hulala kibandani juu ya gunia lile lile analofunikia miguu mzee. Kufikia siku hiyo nilikuwa nimeshamnyunyizia poda ya viroboto mara mbili, nimemwogesha kwa sabuni ya kufulia, na nimemlipa kijana mmoja mwenye mkoba amdunge sindano ambayo jina lake hata sikuuliza. Kujikuna kulitulia siku tano, kisha kukarudi kwa hasira. Nilipomsimulia daktari baadaye, alikisia mara moja kuwa ilikuwa sindano ya steroidi. Hiyo hunyamazisha mwasho, lakini mdudu humwacha pale pale.

Ninayoyaandika hapa ni yale niliyopaswa kuyajua kabla ya kutoa shilingi ya kwanza. Kosa langu halikuwa dawa mbaya. Nilinunua dawa kabla ya kumjua mdudu. Tunasema "upele wa mbwa" kana kwamba ni ugonjwa mmoja, kumbe ni magonjwa mawili ya wadudu wawili wasiofanana kwa lolote, na linalomsaidia mbwa wa huyu linaweza kumharibu mbwa wa yule.

Wadudu wawili, tabia mbili

Wa kwanza kitaalamu huitwa Sarcoptes scabiei. Mimi nitamwita sarkopti. Jike lake halifiki hata nusu milimita. Hujichimbia njia ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo humo, na kutoka yai hadi mdudu mzima ni kama wiki mbili hadi tatu. Mwasho hautokani na kuchimba peke yake. Mwili wa mbwa unamkataa mgeni huyo, unakataa kinyesi chake na mayai yake, ndiyo maana wadudu wachache tu wanaweza kumkosesha mbwa usingizi usiku kucha. Sarkopti huambukiza kwa kasi: mbwa wanaolala pamoja, wanaokutana jalalani, wanaobadilishana magunia. Mtu naye humpata, na hilo nitalirudia.

Wa pili ni Demodex canis, au demodeksi. Huyu ana umbo la sigara na makazi yake ni ndani ya vitundu vinamoota nywele. Karibu kila mbwa anao wachache. Mtoto wa mbwa huwapokea kutoka kwa mama yake siku za kwanza za kunyonya, halafu kinga ya mwili inawaweka chini ya ulinzi maisha yote. Kinga ikilegea, wanafurika. Demodeksi hamwambukizi mtu, wala hamrukii mbwa mzima wa jirani. Ninasisitiza hilo kwa sababu nimeona mtoto wa mbwa akifukuzwa kwenye ploti kwa ajili ya demodeksi, eti atawaambukiza watoto. Aliyehitajika kuogopwa ni sarkopti.

Kuna wengine wadogo wadogo, kama utitiri wa masikio. Mbwa anatikisa kichwa sana, na ndani ya sikio kuna uchafu mweusi kama machicha ya kahawa. Huo ni ugonjwa mwingine, dawa yake si ngumu, na sitauchanganya hapa.

Hatua ya kwanza: keti chini umtazame

Kabla ya kwenda popote, mpe mbwa nusu saa. Mkalishe penye mwanga wa jua, pitisha vidole dhidi ya mlalo wa manyoya, na uangalie madoa yameanzia wapi.

Sarkopti anapenda penye manyoya machache: kingo za masikio, viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma, kifuani na tumboni. Utaona vipele vyekundu, kisha ukoko wa rangi ya manjano, kisha manyoya yanapukutika kwa sababu ya kujikuna na kujitafuna. Mwasho ni mkali kupita kiasi. Mbwa anaacha chakula katikati ili ajikune. Mgongo mara nyingi hubaki salama mwanzoni, na hiyo ni dalili ya kukumbuka.

Demodeksi hufungua kazi usoni: kuzunguka macho kama mtu aliyevaa miwani, pembeni mwa mdomo, halafu miguu ya mbele. Ni viraka vilivyonyonyoka manyoya, ngozi ina magamba au imegeuka ya kijivu, na mbwa hajikuni. Akianza kujikuna, na ngozi ikaanza kutoa usaha na harufu, ujue bakteria wameingia juu ya demodeksi.

Sasa jaribio la sikio, ambalo halihitaji kifaa chochote. Shika ukingo wa sikio, ukunje, na uusugue wenyewe kwa wenyewe kati ya kidole gumba na cha shahada, sekunde tano hivi. Mtazame mguu wa nyuma wa upande huo huo. Ukiinuka na kupiga hewa kama mbwa anajikuna, shuku sarkopti kwa nguvu, kwa maana mbwa wengi wenye ugonjwa huo hufanya hivyo. Nilipomsugua Bosi, mguu wake ulidunda sakafuni kama mtu anayepiga kiki pikipiki iliyogoma. Mzee alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nahesabu pesa za poda.

Jaribio hilo si hukumu. Mbwa mwenye mwasho wa chanzo kingine anaweza kupiga mguu pia. Kwa hiyo ondoa kwanza walio rahisi. Ukimchana kwa kichana chenye meno ya karibu, ukadondosha kinachotoka juu ya karatasi nyeupe iliyolowa na kikaacha alama nyekundu, hao ni viroboto, na mwasho wao hukaa kiunoni karibu na shina la mkia. Kiraka cha mviringo chenye ukingo uliokauka chaweza kuwa mashilingi, ambayo ni kuvu na pia huambukiza watu. Na angalia kati ya vidole na ndani ya masikio kama kuna kupe.

Jiulize pia maswali matatu, uyaandike, kwa sababu daktari atakuuliza: yalianza lini, kuna mbwa au mtu mwingine anayejikuna nyumbani, na mbwa amepewa dawa gani mpaka sasa. Hilo la mwisho usione aibu. Mimi nilitaka kuficha ile sindano.

Hatua ya pili: kukwangua ngozi

Hapa ndipo pesa ya kwanza inapopaswa kwenda. Muuzaji wa agrovet anaweza kuwa mtu mwema na mwenye uzoefu, lakini kama hana hadubini, naye anakisia kama wewe. Nairobi tuna bahati ya kuwa na kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, wanakofunzwa madaktari wenyewe, na shirika la ustawi wa wanyama, KSPCA, huko Karen, mbali na kliniki za binafsi zilizotapakaa mjini. Popote uendapo, tangu sheria ya mwaka 2011 inayosimamia kazi hii, anayetibu wanyama anatakiwa awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Kuomba kuona cheti si utovu wa adabu.

Usimwogeshe mbwa siku mbili kabla ya kwenda. Ukoko unaouona ndio ushahidi.

Kipimo chenyewe hakichukui muda. Daktari hutia tone la mafuta kwenye wembe usio na makali sana, hukwangua, kisha huweka alichokwangua juu ya kipande cha kioo na kukichungulia kwa hadubini. Akimtafuta sarkopti, hukwangua juu juu lakini eneo pana, na sehemu nyingi, hasa kwenye kingo za masikio na viwiko penye ukoko ambao mbwa hajautafuna. Akimtafuta demodeksi, huminya ngozi kwanza ili mdudu asukumwe juu kutoka kwenye kitundu cha unywele, kisha hukwangua mpaka vitone vidogo vya damu vitokeze. Ukiona damu usishtuke, bila hiyo hajafika alipo mdudu. Penye ngozi ya kope au vidole, ambapo wembe unaumiza, anaweza kung'oa nywele chache na kuangalia mizizi yake.

Halafu unafuata ukweli ambao wengi hawaambiwi. Demodeksi akiwapo kwa wingi, hupatikana kirahisi: unachungulia na kuona visigara vyenye miguu minane mifupi vinajinyonganyonga. Lakini sarkopti ni mjanja. Wanaougua wengi, zaidi ya nusu, kipimo chao hutoka safi ilhali mdudu yupo. Kwa hiyo kipimo cha demodeksi kikitoka safi, kwa kawaida amini. Cha sarkopti kikitoka safi na dalili zote zipo, daktari mzuri hatakurudisha nyumbani. Atamtibu mbwa kama vile mdudu amepatikana, na mbwa akipona, hayo ndiyo majibu.

Kwa Bosi, kipande cha kwanza cha kioo hakikuwa na kitu. Cha pili hakikuwa na kitu. Cha tatu, kutoka ukingo wa sikio la kushoto, daktari aliniita nije nichungulie. Niliona kitu cha duara, kama kobe aliyepinduliwa, na pembeni yake mayai mawili.

Hatua ya tatu: uzito

Dawa zote za wadudu hawa hupimwa kwa kilo za mbwa. "Ni mbwa wa wastani tu" si uzito. Mbwa mdogo mbebe, panda naye mizani ya bafuni, kisha upande peke yako na utoe tofauti. Mbwa mkubwa, mpeleke kwa anayenunua vyuma chakavu. Bosi alipimwa hapo, kati ya betri ya gari na mabati, kilo 19 na nusu. Mimi nilikuwa nimekadiria 25. Hayo ndiyo makosa yanayoua, hasa kwa dawa inayofuata.

Hatua ya nne: dawa, na namna zinavyotofautiana

Nianze na ivermektini, kwa sababu ndiyo iliyo rahisi kupatikana na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Chupa iliyozoeleka ni ya ng'ombe, asilimia 1, yaani kila mililita moja ina miligramu 10. Ng'ombe hupewa mililita 1 kwa kilo 50. Mbwa mwenye sarkopti, daktari akiamua kuitumia, hupewa kwa kawaida miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kilo, na kurudia baada ya wiki mbili. Piga hesabu: mbwa wa kilo 10 anahitaji mililita 0.2 hadi 0.4. Hivyo ni vitone. Anayevuta sindano ya mililita 2 ikajaa amempa mbwa huyo mara tano ya kiwango cha juu.

Na kuna mbwa ambao hata kitone ni sumu. Collie na ndugu zake wa kuchunga kondoo, na baadhi ya German Shepherd, hurithi kasoro ya jeni inayoacha dawa ipenye hadi kwenye ubongo. Mbwa wa Nairobi tusiojua babu yao ni nani, wengi wana damu ya Shepherd mahali fulani. Dalili za kulewa ivermektini ni mboni za macho kupanuka, mate kutiririka, kuyumba, kutoona, na hatimaye kuzimia. Dawa ya kuitengua haipo, kliniki itamshikilia tu kwa maji ya mshipa na uangalizi mpaka mwili uitoe. Mtoto wa mbwa aliye chini ya wiki sita asipewe kabisa. Kwa Bosi, daktari alitazama yale masikio yaliyosimama akakataa kata kata.

Njia iliyo rahisi na salama zaidi kwa wengi siku hizi ni kundi jipya la dawa za kumeza, zile zilizoletwa kwa ajili ya kupe na viroboto. Ndani yake kuna afoksolana, inayouzwa kwa jina la NexGard na kutolewa kila mwezi, na fluralana, inayouzwa kwa jina la Bravecto na kudumu kama miezi mitatu. Zinafanya kazi kwa sarkopti na kwa demodeksi pia, na hata mbwa wenye ile kasoro ya jeni kwa kawaida huzivumilia. Mpe pamoja na chakula. Tahadhari ni kwa mbwa mwenye kifafa: mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba kundi hili linaweza kuchochea degedege kwa baadhi ya mbwa. Mwambie daktari kama mbwa wako amewahi kuanguka. Na usinunue kidonge cha mbwa wa kilo 40 ukakigawa kwa macho kwa mbwa watatu, hakuna anayejua nusu ipi imebeba dawa kiasi gani.

Zipo pia dawa za kudondosha shingoni, penye ngozi kati ya mabega ambapo ulimi haufiki. Selamektini, kwa sarkopti, hudondoshwa mara mbili kwa kupishana mwezi mmoja. Ile yenye moksidektini nayo hutumiwa, lakini zuia mbwa wengine wasiilambe mpaka ikauke. Bei ya vidonge na ya hizi dawa za matone hupanda kwa uzito wa mbwa, ndiyo maana wenye mbwa wakubwa hukimbilia dawa ya josho.

Dawa ya josho ni amitrazi, ile ile ya kupe wa ng'ombe. Inaua wadudu wote wawili na ilitumiwa miaka mingi kabla ya vidonge kuja. Chupa ya asilimia 12.5 ina miligramu 125 kwa mililita, kwa hiyo mililita 2 katika lita moja ya maji hutoa miligramu 250 kwa lita, kiwango ambacho madaktari wengi huanzia kwa mbwa. Lakini usiifanye bila daktari kukukubalia, na ukikubaliwa, fanya hivi. Mnyoe mbwa kama ana manyoya marefu. Mwogeshe kwanza kwa shampuu ili ukoko ulainike na utoke, kisha mkaushe. Vaa glavu za mpira, na muwe nje penye hewa. Changanya dawa wakati huo huo wa kuitumia, usiweke ya kesho, kwa sababu chupa iliyokaa wazi muda mrefu hubadilika ikawa na sumu zaidi. Mpake kwa sponji kutoka shingoni hadi kwenye vidole, ukiepuka macho. Usimsuuze. Mwache akauke mwenyewe, na asikanyage maji mpaka awamu nyingine, baada ya wiki moja au mbili kama ulivyoelekezwa.

Atasinzia siku hiyo, na hilo la kawaida. Akishindwa kusimama, mwili ukipoa na moyo ukipiga polepole, kimbia kliniki, wana dawa ya kuitengua. Chihuahua, watoto wa mbwa walio chini ya miezi minne, na mbwa wenye kisukari wasipakwe. Paka usimguse nayo kabisa. Na kama wewe mwenyewe una kisukari au pumu, mwombe mtu mwingine amwogeshe.

Demodeksi anadai zaidi ya dawa

Hapa nisimulie mbwa wa pili. Jirani yangu wa ghorofa ya juu alinunua mtoto wa mbwa kando ya barabara, mzuri, mwenye tumbo duara ambalo sote tulidhani ni afya, kumbe ni minyoo. Alipofikisha miezi minne akaota viraka viwili, kimoja juu ya jicho na kimoja kwenye mdomo. Hapo ndipo angeachwa. Demodeksi wa viraka vichache kwa mbwa mchanga hupona mwenyewe mara nyingi sana, ndani ya wiki sita hadi nane, kadiri kinga inavyokomaa. Kinachohitajika ni kuondoa minyoo, kumlisha vizuri na kumchunguza tena baada ya mwezi.

Badala yake alipewa sindano ya steroidi, kwa mkono wa mtu yule yule au wa mwenzake, sijui. Steroidi hushusha kinga, na kinga ndiyo askari pekee anayemzuia demodeksi. Baada ya wiki tatu mtoto yule alikuwa mwekundu mwili mzima, vidole vimevimba, anatoa harufu inayofika ngazi ya pili. Kwa hiyo ukienda na mbwa mwenye upele popote, uliza kwa jina: "Hii sindano ina steroidi?" Deksamethasoni na prednisoloni ni majina ya kukumbuka.

Demodeksi wa mwili mzima hutibiwa kwa vidonge vile vya kundi jipya, au ivermektini ya kila siku chini ya uangalizi wa karibu, au amitrazi. Juu yake huongezwa antibayotiki ya wiki kadhaa kwa ajili ya usaha, kama sefaleksini, na shampuu ya klorheksidini au ya benzoili peroksidi inayosafisha vile vitundu vya nywele. Shampuu ikae mwilini dakika kumi kabla ya kusuuzwa. Dakika kumi za saa, maana ukiwa umeinama na mbwa anatetemeka, dakika mbili zinafanana na kumi.

Demodeksi akimzukia mbwa mzima mwenye miaka mitano au minane ambaye hakuwahi kuugua, usiishie kwenye ngozi. Mara nyingi kuna kitu kimeshusha kinga yake: homoni, uvimbe wa saratani, dawa za steroidi za muda mrefu, au ugonjwa ulioletwa na kupe. Omba apimwe damu. Na mbwa jike aliyepata demodeksi wa mwili mzima asizalishwe. Udhaifu huo hurithiwa, na akiingia joto ugonjwa unaweza kurudi. Mfunge kizazi. Najua wafugaji wa mbwa wa bei hawatapenda sentensi hiyo.

Nyumba, mbwa wengine, na mzee wa lango

Sehemu hii inahusu sarkopti peke yake. Mwenye demodeksi airuke.

Tibu kila mbwa aliyemgusa mgonjwa, hata asiyejikuna. Mwasho unaweza kuchelewa wiki kadhaa baada ya mdudu kuingia, na huyo unayemwona mzima ndiye atakayewarudishia wengine. Kwenye ploti yetu tulikuwa na mbwa watatu na wenyeji kumi na wawili wa kushawishi. Kuchanga pesa ya Bosi haikuwa shida, kuchanga ya mbwa wasio na upele ndiyo ilikuwa mkutano.

Nje ya mwili wa mbwa sarkopti huishi siku chache tu kukiwa na joto na ukavu. Penye ubaridi na unyevu anaweza kuvuta hadi kama wiki tatu. Fikiria kibanda cha mbwa Nairobi mwezi wa saba: sakafu ya udongo, mbao zenye ukungu, jua halijaonekana siku nne. Kwa hiyo gunia lichome au ulitupe. Matambara yafue kwa maji ya moto na uyaanike juani, au uyapige pasi kama jua limegoma. Sugua kibanda, kitoe mbao zilizooza, na mbwa alale mahali pengine kama unaweza. Kola, kamba na brashi navyo havisahauliki bila kujuta.

Kwa watu: sarkopti wa mbwa akimpata mtu hutoa vipele vidogo vyekundu vinavyowasha mikononi, kifuani na kiunoni, mahali mbwa anapogusia. Hawezi kuendeleza ukoo wake kwenye ngozi yetu, kwa hiyo mbwa akitibiwa, mtu hupona ndani ya wiki mbili tatu. Mwasho ukizidi muda huo, au ukiwa kati ya vidole na unawazungukia watu wa nyumba nzima, nenda hospitali, kwa kuwa binadamu tuna upele wetu ambao haukutoka kwa mbwa. Wala usijipake dawa ya josho. Mzee wetu alikuwa ameshaiulizia bei.

Vitu vya kutompaka mbwa

Oili chafu ya gari ndiyo inayoongoza. Nimeambiwa na watu wazima wenye akili zao kwamba inamaliza upele. Inamfunika mdudu, ndiyo, na inamchoma mbwa ngozi, na kwa kuwa mbwa hujilamba, inaingia tumboni pamoja na mabaki ya metali. Mafuta ya taa, Jik, na dawa za kunyunyizia mboga ziko kundi moja. Aloe vera na mafuta ya nazi hayana ubaya mkubwa juu ya ngozi, ila hayamwui mdudu, na wiki unazopoteza ndizo anazozaliana.

Ufuatiliaji, panapowashinda wengi

Siku za kwanza mbili tatu baada ya dawa, mwasho wa sarkopti unaweza hata kuongezeka wadudu wanapokufa. Kufikia wiki ya pili uwe umepungua waziwazi, na baada ya wiki nne hadi sita mbwa awe ametulia. Asipotulia, ama kuna mbwa ambaye hakutibiwa, ama kibanda hakikusafishwa, ama tangu mwanzo halikuwa tatizo la sarkopti.

Kwa demodeksi saa ni nyingine kabisa. Manyoya huota mapema kuliko wadudu wanavyoisha. Mbwa anapendeza, mwenye mbwa anaacha dawa, na miezi mitatu baadaye wako kliniki tena. Ngozi hukwanguliwa kila wiki nne, pale pale palipokuwa pabaya zaidi, na dawa huachwa tu baada ya vipimo viwili mfululizo, vilivyopishana mwezi, kutoka bila mdudu wala yai. Hesabu yake humwambia daktari mengi: mayai na vitoto vikiwa vingi kuliko wazima, wanazaliana na dawa haitoshi. Wakibaki wazima wachache waliokufa, mko njiani. Mwaka mzima baada ya hapo, kiraka chochote kipya kikwanguliwe.

Piga picha kwa simu kila Jumapili, mahali pamoja, mwanga wa aina moja. Unapomwona mbwa kila siku macho hayaoni mabadiliko.

Mtoto wa mbwa wa jirani alichukua miezi mitano. Kipimo cha kwanza safi kilitoka, jirani akataka tuache, tukabishana kwenye ngazi. Cha pili alikwenda mwenyewe, akarudi na picha ya kioo kitupu kwenye simu yake, akaizungusha ploti nzima kama picha ya mtoto mchanga. Bosi yeye alimaliza ndani ya wiki sita. Masikio yameota manyoya upya, meusi zaidi ya yale ya zamani, na mzee amepata blanketi lake mwenyewe ambalo Bosi haruhusiwi kulikanyaga, ingawa saa nane usiku nikichungulia dirishani sioni kama sheria hiyo inafuatwa.